Kupata mahindi ya sifa mpya ndani ya chupa

Hapa Kabete naanza na hindi bichi, siku 12 hivi tangu lichavushwe. Lichovye kwenye jiki iliyozimuliwa kwa dakika 15, lisuuze kwa maji yaliyotakaswa, kata vichwa vya punje, uchokoe viinitete (vijimche vichanga vilivyo ndani ya punje) vya milimita 1.5 hadi 2. Vua pete kwanza. Yangu iliwahi kuniletea ukungu rafu nzima. Kiinitete kilale upande bapa chini, mviringo juu. Ukikigeuza kitachipua tu kama mbegu, kazi bure.

Chakula chake ni mchanganyiko wa virutubisho wa Murashige na Skoog, pamoja na miligramu 2 za 2,4-D, homoni ya mimea ya kutengenezwa, kwa lita. Weka gizani, nyuzi 25. Kalasi, yaani bonge la seli zisizo na umbo, ikitokea, chagua ya manjano inayomeguka kama ugali wa jana. Ya majimaji tupa. Ihamishe kila wiki 3. Ikikaa sana mabadiliko ya kijeni, ambayo ndiyo chanzo cha sifa mpya, huongezeka, lakini kalasi yenyewe hukataa kuchipua, kwa hiyo mimi sipitishi miezi sita.

Kisha iondolee 2,4-D, uipe mwanga. Mche mweupe pe usikutamanishe, hauishi. Miche iliyobaki ipande, uichavushe yenyewe kwa yenyewe, ukague watoto na wajukuu: sifa mpya nyingi huyeyuka hapo.