Ukitaka kufundisha hesabu za sehemu darasa la tano, kapite kwanza banda la gemu

Kuna mwanafunzi wangu mmoja hapa Mwanza, darasani anakaa nyuma kabisa dirishani, ukimuuliza swali anaangalia chini. Jumamosi moja napita Mabatini nikamkuta kwenye banda la gemu, kashika pedi, kafungwa bao nne, anacheka, anamuomba mwenzake mia mbili arudie. Nilisimama pale nje na mfuko wangu wa dagaa nikawaza, kumbe kushindwa hakumtishi huyu mtoto, ila kwangu darasani kunamtisha. Iliniuma kwa kweli. Tokea hapo nikaanza kufuatilia gemu zinavyotengenezwa, na haya ndo ninayofanya sasa, mwalimu mwenzangu chukua kinachokufaa.

La kwanza ndo kubwa kuliko yote: kabla ya shimo la kweli, mpe mtoto shimo lenye sakafu. Ile gemu ya Super Mario Bros. ya Nintendo ya mwaka 1985, waliyoibuni akina Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka, steji ya kwanza haina maelezo yoyote kwenye kioo. Mario, yule unayemchezesha, kasimama kushoto, kulia kweupe, basi mkono wenyewe unaenda kulia. Kinakuja kidude, usiporuka unakufa, lakini umepoteza sekunde chache tu na ushajifunza. Mbele unakuta ngazi mbili zinatazamana, katikati kuna sakafu, ukikosea kuruka unadondoka hapo unapanda tena. Sogea kidogo, ngazi zingine vile vile, safari hii katikati hamna kitu, ukidondoka umekufa. Yaani mruko ni ule ule, kilichobadilika ni hatari tu.

Sasa mimi zamani siku ya kwanza ya kujumlisha sehemu naingia na 1/3 + 1/4, naandika KDS (kigawe kidogo cha shirika) ubaoni, nusu ya darasa wamenipotea hapo hapo. Siku hizi naanza na robo kilo ya dagaa na robo nyingine, hapo wanajibu wote maana kila mtu keshatumwa Mwaloni Kirumba au gengeni. Afu nusu na robo, kila dawati na vipande vyao vya boksi nilivyokata duara, akisema ni 2/6 anapanga vipande anaona mwenyewe haiendi. Kesho yake nusu na robo ile ile, boksi nimezikusanya. Theluthi na robo inakuja siku ya tatu au ya nne, na usiogope kuchelewa, mbele utaenda haraka.

La pili, jibu lije hapo hapo. Nina watoto 84, wakikosea Jumatatu madaftari yanarudi Alhamisi, mtoto hata hakumbuki alikuwa anawaza nini. Niliomba kwa fundi seremala mabaki ya plaiwudi, nikayapaka rangi ya ubao, kibao kimoja kila dawati. Wanaandika, nahesabu mpaka tatu, vinanyanyuka vyote pamoja, na mimi kwa jicho moja najua nani kakwama. Yule wa dirishani wiki ya tatu kanyanyua 2/6, kaangalia vibao vya mbele, kafuta fasta na mkono wa sweta akaandika 3/4. Sikusema kitu, nikaendelea na swali lingine.

Jaribio la Ijumaa nalo anayefeli anapewa lingine Jumanne, maswali tofauti mada ile ile, na naandika alama iliyo kubwa. Kuna walimu wanasema nawadekeza. Hapana, wanasoma wikiendi nzima, zamani hawakusoma.

Na darasa likishaelewa usiwaache wapoe, ongeza mwendo kama Tetris ya Alexey Pajitnov, ile gemu ya kupanga vitofali vinavyodondoka, unavyozidi kufuta mistari ndo vitofali vinashuka haraka.

Kitu kimoja nakuomba usifanye: wengi wakisikia gemu wanakimbilia nyota na orodha ya nani wa kwanza ukutani. Nilibandika wiki mbili, wale wa mkiani wakaacha hata kuandika, nikaibandua.

Ukianza, anza na mada moja tu. Vibao ukishapaka viache vikauke siku mbili, rangi ikiwa mbichi chaki haishiki.