Mikanda ya pembeni ya mfarishi: fuata mtande

Mfarishi ukitulia katikati lakini pembeni ukafanya mawimbi, mara nyingi kosa lilianzia kwenye kukata. Kata mikanda ya pembeni kwa urefu wa jora, sambamba na ule ukingo mgumu wa kiwandani. Nyuzi za mtande, yaani zile zinazokwenda kwa urefu wa jora, hazivutiki kirahisi. Za mshindio, zinazokatiza kwa upana, huvutika kidogo, na mkanda mrefu ukivutika kidogo kidogo chini ya cherehani huishia kuushinda mfarishi wenyewe kwa urefu. (Ukingo umeshakatwa? Vuta kitambaa kwa mikono miwili, upande unaogoma ndio mtande.) Kitambaa kisipotosha, kata kwa upana na uunge, ila pima mfarishi katikati, ukate mkanda kwa kipimo hicho, ubane kwa pini ndipo ushone. Mkato wa mshazari, yaani wa kukata kitambaa kihanamu, uachie pindo la kona za mviringo.