Jinsi ya kutoa ile sauti ya "bird" na "nurse" kama Mmarekani

Kwanza tuelewane, ile sauti ni irabu. Wengi tunakwama hapohapo, tunaona herufi r tunadhani ulimi lazima ugonge kama kwenye "kura", matokeo yake inatoka "bad" au "bed" na mtu anabaki anakushangaa. Kiswahili chenyewe kiliikwepa zamani, ndo maana tuna nesi, shati na sketi, ukaweka a au e yakaisha. Na hatuko peke yetu aisee, haifiki hata asilimia 1 ya lugha za dunia zenye irabu ya hivi, ila sasa imo kwenye Kiingereza cha Marekani na Kichina cha Beijing (wanaosoma Kichina mnaijua, ile "er" ya sikio) kwahiyo wanaoitumia ni watu kibao. Wayurok, wenyeji wa California, nao wanayo.

Haya. Toa iii ndefu. Sikilizia pembeni mwa ulimi, utakuta umegusa magego ya juu kushoto na kulia, hapo usipaachie. Sauti ikiendelea kutoka, vuta ulimi wote nyuma taratibu, pembeni ziteleze kwenye magego, ncha isiguse popote, midomo ifanye kaduara kidogo. Kuna mahali iii itazimika na sauti itaanza kunguruma ndani ya mdomo, simama hapo, ndo yenyewe. Ikitoka aaa ujue ulimi umeshuka, ikigonga ujue ncha imepanda hadi kwenye ufizi.

Sasa ukiingia YouTube mwalimu mmoja anakwambia kunja ncha juu, mwingine anasema ncha ibaki chini utunishe katikati ya ulimi. Usichanganyikiwe, wote wako sawa. Wamarekani waliopigwa picha za MRI wakiongea walionekana wanafanya yote mawili, na kwa sikio huwezi kujua nani anafanya ipi. Mimi kwa sisi napendekeza kutunisha, maana ncha zetu zimeshazoea kugonga, ukiikunja tu inaenda kugonga.

Kipimo: ivute mpaka pumzi iishe. Kama inabaki ileile mwanzo mwisho umeipata. Baada ya hapo bandika b mbele na d nyuma, katikati usichomeke a wala e, na mwishoni usiongeze i ikawa "badi". Endelea na "nurse", "work", "earth", tahajia zisikutishe, sauti ni moja. "Girl" na "world" weka mwisho kabisa, ile l inayofuata inasumbua. Usikate tamaa haraka, hata watoto wa Kimarekani r ni kati ya sauti zinazochelewa kukaa vizuri.

Ila usizidishe jamani, kuna watu wakishaipata wanaipachika hadi kwenye "idea" na "Obama". Na kama safari yako ni London achana nayo tu, kule wengi "bird" wanaitamka bila r yoyote, utajichosha bure.