Jinsi ya kumuaga mfanyakazi wa shule anayestaafu, bila ile hotuba ya kila mtu

Shule nyingi zikitaka kumuaga mtu zinaanzia kwenye zawadi, tununue nini, kila mtu achange ngapi, alafu hotuba inaandikwa usiku wa kuamkia sherehe na mzee wa watu anaishia kusikia kwamba alikuwa mchapakazi, mvumilivu na nguzo ya shule. Nguzo kivipi? Hamna anayesema. Mimi nasema geuzeni, anzeni kwa kujua huyu mtu alifanya nini hapo miaka yote hiyo, zawadi mtaipata tu njiani.

Kwa hiyo anzeni mapema, ikiwezekana muhula mzima kabla. Kitu cha kwanza ni mkuu wa shule au karani afungue faili lake, sio kamati nzima ikae inapekua maana mle kuna mambo ya mtu binafsi, mtu mmoja tu atoe yale ya muhimu: jina kamili linavyoandikwa, mwaka alioajiriwa, mwaka aliofika hapo shuleni (mara nyingi sio mwaka uleule, na hapo ndo watu wanachanganya), na kazi alizopitia. Unakuta mtu mnamjua kama mhasibu kumbe aliingia kama mhudumu wa ofisi akasoma jioni akapanda, yaani hiyo peke yake ni hotuba tayari.

Pili, muulizeni mwenyewe. Najua watu wanapenda sapraizi ila kwa mtu anayestaafu mimi siipendi kabisa, siku hiyo ni kubwa kwake, anataka ajiandae, avae vizuri, aite watu wake. Na wapo ambao jukwaa na maiki ni adhabu kwao, huyo msimlazimishe, mtu wa hivyo mnaweza mkampitisha darasa kwa darasa akaagana na watoto, au mkamwandalia kitabu cha barua akasomee kwake. Muulizeni pia anaenda kufanya nini baada ya hapo, manake kila MC anasema "sasa mzee ukapumzike" wakati mwenzenu ana mipango yake na hana habari ya kupumzika, au kastaafu roho inamuuma na hilo neno linamchoma tu.

Sasa kukusanya kumbukumbu, hapa ndo pa kutumia muda. Ukiuliza watu "mnamkumbukaje mwalimu wetu" utaletewa majibu ya kadi, alikuwa mtu mwema, Mungu ambariki. Uliza maswali yanayomlazimisha mtu afikirie. Neno gani lilikuwa haliishi mdomoni kwake? Siku gani alikusaidia na hakuna aliyejua? Kitu gani hapa shuleni kisingekuwepo kama sio yeye? Alikukera kwa nini alafu baadae ukaja kumuelewa? Hilo la mwisho linaleta stori tamu kuliko yote, ila chujeni, sio kila stori ya kuchekesha inafaa kusemwa mbele ya wajukuu zake.

Wanafunzi wa zamani mnawapata kirahisi kupitia magrupu ya WhatsApp, kila mwaka wa kuhitimu huwa una grupu lake, tafuta mtu mmoja mmoja anayejibu meseji kila grupu umpe kazi ya kukusanya, usitupe tangazo huko ukasubiri maana kila mtu atadhani mwenzake ndo atajibu. Pokeeni sauti pia, wengine kuandika hawawezi ila kuongea wanaongea mpaka unalia. Picha za zamani pigeni tena kwa simu mchana karibu na dirisha, simu iwe juu yake moja kwa moja, flashi izimwe isije ikaacha doa jeupe usoni kwa mtu, na majina na mwaka viandikwe hapohapo wakati wanaowajua waliomo bado wapo.

Alafu hili nataka nilisemee kwa nguvu kidogo. Staff wa shule sio walimu peke yao. Walimu angalau wana Siku ya Walimu Duniani, tarehe 5 Oktoba tangu 1994, siku ambayo inakumbuka pendekezo la ILO (Shirika la Kazi Duniani) na UNESCO (shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni) la mwaka 1966 kuhusu hadhi ya walimu. Mlinzi, mpishi, dereva, mkutubi, matroni, fundi wa maabara, hao wengi siku yao ya kusikia asante mbele za watu ni hiyohiyo moja ya kustaafu, mkiiharibu hamna nyingine. Msiwaage pembeni ofisini kwa soda na bahasha wakati mwalimu kafanyiwa ukumbi mzima. Na anayemsemea mlinzi asiwe mkuu wa shule aliyehamia juzi, awe mtu aliyekuwa anafika alfajiri anamkuta getini. Linganisha: "amekuwa mlinzi mwaminifu kwa miaka 27" na "mvua ikinyesha saa ya kutoka alikuwa anawavusha barabara watoto wa darasa la kwanza mmoja mmoja mpaka wanaisha". Ya kwanza unaweza ukamsomea mlinzi yeyote duniani. Kama wanaostaafu ni wengi kwa pamoja, kila mmoja apewe dakika zake na msemaji wake, na zawadi ziwe za hadhi moja, watu wanaangalia na hawasahau.

Hela zisiwe na maneno mengi. Mmoja anashika, mwingine anaandika, mchango ni wa hiari na majina na viwango havisomwi hadharani, wenye mishahara midogo wasiaibishwe. Ulizeni kwanza kama shule yenu ina utaratibu wake wa zawadi kwa wafanyakazi. Kama mtu anapendelea pesa taslimu mpeni pesa, hamna ubaya, weka kwenye bahasha na barua nzuri na kiasi kisitangazwe. Mkichonga ngao basi jina likaguliwe na watu wawili kabla fundi hajaanza kazi. Na kama zawadi ni kubwa pangeni na usafiri wa kuifikisha kwake, sio mzee anaachwa getini na boksi linalomzidi kimo anatafuta wa kumsaidia.

Siku yenyewe iwe fupi. Msemaji dakika tatu, stori moja, basi. Familia ikae mbele na itambulishwe kwa majina, maiki ijaribiwe kabla watu hawajaingia, mzee apate kiti cha kuegemea na kivuli. Ratiba nyingi zinamweka mstaafu azungumze mwisho kabisa baada ya mgeni rasmi, wakati huo watoto wamesinzia na nusu ya watu wanaangalia saa, mpeni nafasi mapema watu wakiwa bado na masikio. Picha za watoto msizirushe mitandaoni bila wazazi wao kuridhia.

Kuna kitu kingine hakionekani kwenye sherehe ila kwa mstaafu kinazidi keki zote, nacho ni makaratasi. Barua ya kuajiriwa, za kupandishwa cheo, za uhamisho, kumbukumbu za michango ya pensheni, jina liwe sawa kwenye kila karatasi na kwenye kitambulisho. Herufi moja ikitofautiana inaweza kumchelewesha mtu kupata haki yake, na utaratibu unatofautiana kwa kila mwajiri kwa hiyo ofisi ya shule ikae naye mapema wapitie pamoja kimoja kimoja. Siku za likizo zilizobaki nazo zihesabiwe. Na yale anayoyajua yeye tu, ufunguo upi wa stoo gani, bomba la maji linafungwa wapi, majalada ya zamani yako kabati lipi, amuelekeze anayempokea akiwa bado kazini, msije mkaanza kumpigia simu kila wiki kama bado mnamlipa.

Baada ya hapo, mtengenezeeni albamu ya picha za kuchapisha, simu inapotea, na shule ibaki na nakala yenye majina. Akitaka kubaki kwenye grupu la wafanyakazi mwacheni, na kama utaratibu hauruhusu basi aambiwe kwanza, manake kuna shule mtu anaagwa ijumaa kwa machozi na vigelegele, jumamosi asubuhi anakuta admini keshamtoa.