Somo: Kutembea kwenye mji uliokufa ndani ya Second Life ukiwa na laptopu iliyochoka

Wakuu habari za usiku. Wiki ile nilisema nimekaa masaa mawili kwenye mji usio na mtu nikaogopa hata kwenda kuzima taa ya uani, mkanicheka weee, sa leo nawapeleka na nyie.

Kwa asiyejua, Second Life ni dunia ya kwenye kompyuta, ilifunguliwa 2003 na kampuni ya Linden Lab ya Marekani, hamna levo za kumaliza, na karibu kila nyumba, mti na takataka unayoiona imejengwa na watumiaji wenyewe. Wapo waliojenga disko, wapo waliojenga fukwe (sie wa Mikindani fukwe tunazo, haituhusu), alaf kuna wagonjwa wenzetu waliojenga dunia baada ya kila kitu kuharibika. Hao ndo tunawataka.

Hatua ya 1. Fungua akaunti, ni bure, shusha programu usiku kwa bando la usiku. Mchana utalia.

Hatua ya 2. Hapa ndo penyewe. Kabla hujaenda popote bonyeza Ctrl na P, nenda kwenye grafiki, pale pameandikwa Draw Distance (umbali ambao mashine inakuchorea vitu) shusha mpaka mita 64. Wenye mashine za maana wanaweka 256 wanauona mji wote kwa mpigo kama wako juu ya mnazi, wanapiga picha wanaondoka. Sie vitu vinatutokea kimoja kimoja, tena vinaanza vya kijivu kama udongo ndo rangi inajaa polepole. Mi niliona mtu kasimama mlangoni, kijivu, hatikisiki, nikasimama na mimi, kama sekunde kumi hivi tunatazamana, rangi ilipojaa kumbe koti limetundikwa kwenye msumari. Hiyo mwenye mashine kubwa haipati ng'o.

Hatua ya 3. Kwenye kutafuta andika post-apocalyptic, chagua, rukia huko. Ukitua soma kwanza sheria za mlangoni, maana sehemu nyingine watu wako kwenye maigizo na silaha zinaruhusiwa, ukiona alama ya moyo pale juu ujue unaweza kuuawa na ukifa unarudishwa kwako.

Hatua ya 4. Vaa spika za masikioni, na usibadilishe mwanga kuwa mchana eti uone vizuri. Mwenye mji kauseti mwenyewe, mwachie.

Hatua ya 5. Usipae, tembea. Eneo moja ni mita 256 kwa 256, kwa mwendo wa miguu unalikata kwa dakika moja na nusu tu, lakini ukiingia kila chumba saa mbili hazitoshi. Shika Alt na mausi upeleke jicho karibu, na bonyeza kila kitu, vingine vinakupa karatasi ya kusoma. Kuna jiko moja niliingia, vikombe vitatu mezani, viwili vimefunikwa, cha tatu kina chai imeganda utando juu, redio inakoroma pembeni. Magofu ya Kilwa Kisiwani nimefika na hayanitishi, yale yamezeeka. Hapa hapajazeeka, watu wametoka mara moja tu. Nje kuna lile gurudumu la kubembea, yaan mjenzi kaiga mji wa Pripyat kule Ukraine, watu kama 49,000 waliondolewa 27 Aprili 1986, siku moja baada ya kinu namba 4 cha umeme wa nyuklia cha Chernobyl kulipuka, wakaambiwa wabebe vya siku tatu. Gurudumu la huko lilikuwa lifunguliwe Mei mosi. Ile chai sa ndo nikaielewa.

MASWALI

Mdau wa Lindi mjini: Mkuu bando je, si itanimaliza?
Jibu: Mara ya kwanza inakula kweli kweli maana inashusha picha zote, ukirudi palepale inapungua sababu zimeshakaa kwenye keshi, yaan stoo ya programu humo kwenye laptopu. Kwahiyo usifutefute keshi kama simu ya mtoto.

Dada wa Masasi: Kaka mi naogopa watu kuliko majengo, mtu akianza kunifuatafuata?
Jibu: Ctrl, Shift na H kwa pamoja, uko kwako, dada angu. Alaf mbloku. Na jina lako la kweli usimpe mtu.

Mdau wa Newala: Nimeshusha hadi 64 bado inaganda.
Jibu: Zima vivuli, funga na brauza zote. Ikigoma, kaa dakika tano umesimama sehemu moja ijaze vitu kwanza ndo utembee.

Mdau wa Nachingwea: Kwanini tusijenge ya kwetu? Ile reli ya karanga ya Waingereza, Mtwara mpaka huku kwetu, mradi wenyewe wa kulima karanga ulianza 1947 ukafa 1951, reli ikafungwa 1962. Babu alikuwa anatuonyesha tuta lake.
Jibu: Mzee umenigusa. Ardhi ni ya kulipia ila kuna viwanja vya mazoezi vya bure, unajenga, baada ya masaa kadhaa vitu vinarudishwa kwenye begi lako. Mi nshaanza toka juzi, nina jukwaa la stesheni na gunia moja limechanika. Karanga zenyewe ndo zinanishinda, kila nikizimwaga zinaelea.