Vigezo vya kuendeshea uigaji wa saketi kwa Verilator

Saketi inayohesabu muda wa kuchaji betri za taa za wavuvi wa dagaa hapa Kigoma inaweza kujaribiwa yote ndani ya kompyuta kabla ya kununua hata chipu moja. Ukiwa na Verilator, programu inayogeuza maelezo ya saketi kuwa programu ya kuigiza, toleo la 5 au la baadaye, andika `verilator --binary taa.sv` (`taa.sv` ni faili la saketi, lililoandikwa kwa lugha ya SystemVerilog), nayo itakuundia programu iitwayo `obj_dir/Vtaa`. Vigezo ninavyovieleza ni vya programu hiyo, si vya amri ya `verilator` yenyewe, na kwa hiyo huhitaji kuiunda upya kila unapobadilisha jaribio.

Kinachotaka uangalifu kuliko vyote ni hali ya rejista, yaani sehemu za saketi zinazohifadhi thamani, umeme unapowashwa. Usipoagiza vingine, rejista isiyopewa thamani ya kuanzia huanza na 0 katika uigaji, ilhali chipu halisi mara nyingi haikuhakikishii hivyo. Niliwahi kusahau kuiwekea riseti (ishara ya kuirudisha kwenye thamani ya kuanzia) rejista ya kihesabio, na majaribio yote yakapita, kwa kuwa ile sifuri ilinifichia kosa. Njia ya kulifichua ni hii:

`obj_dir/Vtaa +verilator+rand+reset+2 +verilator+seed+37`

Namba 2 huzijaza rejista thamani za nasibu, 1 huzijaza moja tupu, na 0 huzirudisha kwenye sifuri. Mbegu, yaani namba ambayo thamani za nasibu huzalishwa kutokana nayo na ambayo hapa ni 37, hukuwezesha kurudia jaribio lile lile. Ukiiacha, au ukiandika 0, maktaba ya Verilator hujichagulia mbegu yenyewe, na kosa ulilolipata leo huenda usilione tena kesho. Endesha kwa mbegu nyingi, na kila iliyoleta kosa iandike daftarini siku hiyo hiyo.

Anayejiandikia `main`, yaani sehemu inayoanzisha programu, kwa C++ aite `contextp->commandArgs(argc, argv)` kabla ya kuunda modeli ya saketi, la sivyo vigezo hivi havitafika kwa wakati.

`+verilator+noassert` huzima ukaguzi wa madai (assertions), yaani masharti uliyoandika kwamba saketi lazima iyatimize. Mimi sikipendekezi kigezo hiki, kwani ukaguzi huo ndio unaokamata makosa.

Unaweza pia kubuni kigezo chako. Ndani ya `taa.sv` andika `$value$plusargs("saa=%d", saa)` kisha uendeshe kwa `+saa=6`, na saketi itajaribiwa kwa saa sita za kuchaji.