Namna ya Kuandika Historia ya Tawi la Chama cha Wafanyakazi: Anza na Orodha ya Majina

Wazee wa reli wanazidi kupungua hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, na kila msiba tunaokwenda tunarudi na habari nusu nusu. Mimi ni katibu wa tawi, mtoto wa gadi wa treni, nimekulia kwenye kota za reli. Vijana wa viwanda vya saruji na vya nguo wamekuwa wakiniuliza tunaiandikaje historia ya tawi letu. Nawaandikia njia tunayoifuata, na anayeweza kuandika kumbukumbu za mkutano anaiweza.

Usianze na viongozi. Humphrey Luande, mtu wa reli aliyekuwa mbunge na rais wa UTUC, shirikisho la vyama vya wafanyakazi Uganda enzi hizo, yumo magazetini na kwenye Hansard, yaani kumbukumbu za Bunge, huyo hapotei. Anayepotea ni fundi wa karakana, mtu wa gangi aliyekuwa akibadilisha mataruma ya reli juani, karani wa bohari. Kwa hiyo tafuta orodha za majina: daftari la ada, orodha ya makato ya mshahara, karatasi ya mahudhurio, hata orodha ya waliochanga rambirambi. Chukua orodha mbili zilizofuatana, zilaze kando kwa kando, uulize: nani yumo kwenye hii na hayumo kwenye ile? Swali hilo moja litakuletea nchi nzima ndani ya tawi lako.

Mfano. Mama mmoja mjane alitufungulia sanduku la bati, akatoa kadi ya chama ya marehemu mumewe. Kadi ya kahawia, imekunjwa mara mbili, kila mwaka una miraba kumi na miwili, na kila mraba una sahihi ya mweka hazina: herufi mbili zenye mkia mrefu, wino wa buluu. Mkono ule unakwenda bila kukatika hadi Septemba 1970. Oktoba patupu. Novemba patupu. Desemba imetiwa sahihi na mtu mwingine kabisa, tena kwa penseli. Marehemu hakuwa ameacha kulipa, mama alituhakikishia. Aliyeondoka ni mpokeaji. Oktoba ile serikali ya Rais Milton Obote iliamuru wafanyakazi wa Kenya waondoke Uganda, watu wapatao 30,000, wengi wao Wajaluo. Reli ilikuwa imejaa watu wa Nyanza na magharibi ya Kenya tangu enzi za wakoloni, na ndani ya chama walikuwa nguzo. Na miezi mitano tu kabla ya hapo, tarehe 1 Mei, Sikukuu ya Wafanyakazi, Obote huyo huyo alitangaza pale uwanja wa Nakivubo, Kampala, kwamba serikali itachukua asilimia 60 ya hisa za makampuni makubwa kwa niaba ya wananchi. Yaandike yote mawili kwenye ukurasa mmoja. Mfanyakazi aliyaona yote mawili katika mwaka mmoja, na msomaji wako ana haki ya kuyaona hivyo hivyo.

Sasa chora mstari katikati ya daftari kubwa. Kushoto andika nchi, kulia andika tawi. Upande wa kushoto hautakusumbua: mgomo mkubwa wa Januari 1945, kuundwa kwa UTUC mwaka 1955, uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, mapinduzi ya Idi Amin tarehe 25 Januari 1971, kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972, kuanzishwa kwa NOTU, shirikisho jipya la vyama vya wafanyakazi, mwaka 1973, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, kuanguka kwa Amin Aprili 1979, NRM ya Museveni kuingia Kampala Januari 1986. Upande wa kulia ndio kazi. Usijaze kwa kubahatisha. Nafasi tupu iache tupu mpaka upate karatasi au mashahidi wawili wasioishi nyumba moja. Na kila tawi lina mwaka wake mkubwa usio wa wengine. Kasese, magharibi mwa nchi, kwa mfano, huwezi kuieleza bila shaba ya mgodi wa Kilembe, kwa sababu reli ilifika kule mwaka 1956 kwa ajili ya shaba hiyo.

Karatasi nyingi hazina tarehe. Hapa kichwa cha barua kinasaidia kuliko kitu kingine chochote. Ukiona Kenya and Uganda Railways and Harbours, barua ni ya kabla ya 1948. East African Railways and Harbours ni kati ya 1948 na 1969. East African Railways Corporation ni 1969 hadi 1977, na Uganda Railways Corporation ni kuanzia hapo. Rift Valley Railways walishika uendeshaji mwaka 2006, mkataba wao ukavunjwa 2017. Ila angalia: makarani hawatupi karatasi nzuri. Utakuta kichwa cha zamani kimepigwa mstari na jina jipya limegongwa mhuri juu yake, na hilo lenyewe ni habari ya mwaka wa mpito. Viwanda navyo vilibadilisha wenyewe na majina, basi tengeneza jedwali kama hili la kwenu kabla ya kupanga chochote.

Fedha nazo zina mtego. Mei 1987 ilitoka sarafu mpya na sifuri mbili zikafutwa, shilingi 100 za zamani zikawa 1. Usiandike kwamba ada ilishuka mwaka ule.

Ukienda kwa mzee, usimwulize "mgomo ulikuwaje?" Atakupa hotuba. Mwulize zamu yake ilianza saa ngapi, nani alikaa kota ya jirani, siku ile mshahara haukutoka walikula nini. Mgomo utajitokeza wenyewe. Mwache azungumze lugha anayoiota, Kiswahili, Kijapadhola, Ateso au Kijaluo, na uandike maneno yake kabla ya kuyafasiri. Kisha zungumza na mama wa nyumba akiwa peke yake. Akina mama ndio waliotunza karatasi, na ndio waliojua nani hakurudi nyumbani.

Kuhusu hao wasiorudi, tafadhali kuwa mwangalifu. Miaka ya Amin ilichukua watu kazini mchana kweupe, na vijijini bado watu wanajuana. Jina la aliyepotea liandike kwa idhini ya familia. Jina la anayedaiwa kumchongea mwenzake usiliandike kabisa kwa neno la mtu mmoja, hata kama unamwamini.

Ukishakusanya ya nyumbani, nenda Kampala: magazeti ya zamani Makerere (Uganda Argus kwa miaka ya sitini, Voice of Uganda kwa zama za Amin), na Gazeti la Serikali kwa usajili wa vyama. Nenda ukiwa na tarehe mkononi, la sivyo utapekua wiki nzima.

Karatasi za watu zipige picha palepale sebuleni, karibu na dirisha, mbele na nyuma, kwa sababu mara nyingi hesabu za mkopo na majina yako nyuma. Usiondoke nazo. Rasimu ikiwa tayari, isome kwa sauti mbele ya wazee na wajane, waikosoe, ndipo upeleke kwa mpiga chapa. Na kila familia iliyokufungulia sanduku ipate nakala yake kabla ya ofisi yoyote.